Picha Iliyokosa Chembe

Ubaya wa ile picha ulikuwa uzuri wake. Sajini Marvin Ostby aliilaza chini ya taa ya mezani, akaiinamia na lenzi ya kukuzia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, na kila alivyozidi kuitazama ndivyo alivyozidi kukereka. Huu hapa uchochoro wa nyuma ya Mtaa wa Superior, theluji imerundikwa kando. Huu hapa mlango wa nyuma wa studio ya marehemu Lyle Brandvold. Na huyu hapa, mguu mmoja hewani, Eino Saarela, anaingia na dumu la mafuta ya taa mkononi. Picha nzima imefunikwa na giza, sawa na jioni ile ya Januari studio ilipoteketea na Brandvold akafia ndani, mlango ukiwa umekazwa kwa nje.

Saarela alikuwa msaidizi wa Brandvold. Alifukuzwa kazi kabla ya Krismasi, baada ya ugomvi uliosikika jengo zima. Sasa alikuwa mahabusu ghorofa ya chini, na kesho mwendesha mashtaka angemsomea shtaka la kuua. Kwa picha kama hii, kifungo cha maisha kilikuwa kinamngoja. Mama yake alikuwa juu pale mapokezi, kwenye benchi, na mkate wa iliki uliofungwa kwa taulo, kwa kuwa askari wa zamu alikuwa amekataa kuupokea.

Kijana mwenyewe hakukana kwamba aliye pichani ni yeye. "Ni mimi," alisema. "Lakini hapo ni mchana. Nilikuwa napeleka mafuta ya jiko la studio kila siku, wakati bado nina kazi." Kapteni Dineen alicheka mpaka akakohoa. Mchana mweusi namna hiyo ameuona wapi?

Ostby naye alicheka kidogo siku ile. Leo hakuona kichekesho.

"Utaitoboa hiyo karatasi kwa macho, Sajini." Aliyesema hivyo ni Dolores Vukelich, mpiga picha wa polisi. Alisimama mlangoni na vikombe viwili vya kahawa, mikono imepauka kwa dawa za kusafishia picha. Alikuwa mtu wa kule juu kwenye migodi ya chuma, na mdomo wake haukujua likizo.

"Nieleze kitu, Dolores. Kama mimi ni mjinga."

"Hilo la ujinga sina haja ya kulikisia."

"Wewe nawe! Hii picha, yule mpiga picha Haberman anasema aliipiga kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya uchochoro. Jioni, giza limeshaingia. Ungekuwa wewe, ungeweka filamu gani?"

Dolores aliweka vikombe chini, akavuta kiti. "Filamu ina kasi yake, si unajua? Ya kasi ndogo ni mlafi wa mwanga. Inataka jua. Lakini ukiilisha vizuri inakupa picha laini, hata mshono wa shati unauona. Ya kasi kubwa inaridhika na mwanga kiduchu, ila itakulipisha kwa chembe. Picha inajaa mchanga. Sasa uchochoro ule, usiku? Ningeweka kasi mia nne, tena nikaivuta mpaka elfu moja na mia sita, yaani naizidishia muda kwenye dawa. Na mchanga ningeupata wa kujengea nyumba."

"Hebu utafute hapa."

Akampa lenzi. Dolores akainama. Akaisogeza lenzi polepole, kutoka mlangoni mpaka kwenye dumu.

"Soma ubavuni kwa dumu," Ostby akasema.

"Nyquist," Dolores akasoma. Lilikuwa jina la duka la mafuta la mtaa wa pili, herufi ndogondogo za chapa ya kiwandani. "Mama yangu! Herufi zote saba."

"Tena zimenyooka. Chembe iko wapi?"

"Haipo. Hii ni filamu ya kasi ndogo, Sajini. Kwa macho yangu ni kasi thelathini na mbili."

"Basi aliweka kamera kwenye stendi, akaiacha lenzi wazi sekunde kadhaa mpaka mwanga wa taa ya mtaani ukatosha."

"Na huyu kijana akakaa mguu hewani sekunde kadhaa akimngoja? Angetoka ukungu mtupu."

"Flashi?"

"Kwa umbali huo? Theluji ya karibu ingewaka nyeupe pee, na yeye angekuwa na kivuli ukutani nyuma yake. Kivuli kiko wapi?"

Ostby alikuwa ameshajiuliza hayo yote mwenyewe. Alitaka tu kuyasikia kwa mdomo wa mwingine. Picha laini, mtu anayetembea hakuvurugika, flashi hapana. Lilibaki jambo moja: mwanga mwingi. Mchana wa mawingu, usio na vivuli, halafu picha ikachapwa kwa kuzidishiwa weusi kwenye karatasi mpaka mchana ukageuka jioni. Kama ni hivyo, basi yule kijana kule chini alikuwa anasema kweli, na wao walikuwa wamemcheka.

"Unamjua Haberman?" akauliza.

"Ni mwenyekiti wa klabu yetu ya picha. Pale klabuni tumegawanyika, wa kasi ndogo na wa kasi kubwa, na hatupeani hata sukari. Yeye ndiye baba mtakatifu wa kasi ndogo. Sisi wengine anatuita wapika mchanga. Picha yako ikitundikwa anaisogelea mpaka pua inagusa, anarudi nyuma, anajifuta mabega mbele ya watu. Eti mchanga umemwagikia."

"Na Brandvold?"

"Walikuwa marafiki mpaka mashindano ya jimbo. Haberman alishinda kwa picha ya meli ya mawe ya chuma ikiingia mferejini kwenye barafu. Brandvold akaja juu, akasema picha ile ni yake, imeibwa, na kwamba negativu, ile filamu iliyoizaa, anayo. Aliahidi kuileta kwenye mkutano wa klabu tuione wote." Dolores akanywa kahawa. "Mkutano ulikuwa ufanyike siku mbili baada ya moto."

Hapo Kapteni Dineen aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa amesikia mwisho wa maneno. Alimsikiliza Ostby akieleza habari ya chembe, huku akigeuzageuza kijiti cha meno mdomoni.

"Umemaliza? Sasa nisikilize. Chembe, chembe, chembe. Nani kakufundisha hizo chembe? Dolores. Na Dolores kila mwezi anadhalilishwa na Haberman mbele ya klabu nzima. Nimesema uongo, Dolores?"

Dolores akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kapteni, mimi—"

"Wakili wa Haberman atakufanya kifungua kinywa. Marvin, una kinyongo cha mwanamke mmoja na herufi saba. Mimi nina picha. Kesho asubuhi kijana anapelekwa mahakamani."

Akaondoka. Ostby akamtazama Dolores, na ukweli ni kwamba alimtazama kwa jicho jingine. Kinyongo alikuwa nacho. Maneno yake yalikuja upesi, yamenyooka, kama yaliyokuwa yakisubiri kuulizwa.

"Usinitazame hivyo," Dolores akasema.

"Nawatazama wote hivi. Ndiyo kazi yangu."

*

Studio ya Clarence Haberman ilikuwa safi kama chumba cha upasuaji. Mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa tai ya kipepeo, na alimpokea Ostby kwa kumwonyesha mahali pa kufutia viatu.

"Nilidhani kazi yangu na polisi imekwisha, Sajini."

"Karibu imekwisha, bwana. Nina maswali ya kujazia karatasi tu. Ulisimama wapi?"

"Hapa." Haberman akagusa kizingiti cha dirisha. Chini ulionekana uchochoro, na ule mlango, sasa tundu jeusi. "Nikamwona kijana anakuja na dumu. Kwa kuwa nilijua amefukuzwa, nikashtuka. Kamera ilikuwa mkononi. Nikapiga."

"Kwenye stendi?"

"Nimesema mkononi."

"Na flashi?"

"Sajini, flashi ni kwa wapiga picha za harusi."

Ostby akacheka kama aliyefurahishwa. Akatembea polepole. Pembeni kulikuwa na friji ndogo nyeupe. Akaifungua kana kwamba yuko kwake.

"Ala! Hakuna hata bia?"

"Filamu hutunzwa kwenye baridi. Tafadhali ufunge."

Ostby hakufunga. Ndani mlikuwa na visanduku vya filamu tu, vimepangwa kama matofali, na kila kimoja kilikuwa na namba ileile: thelathini na mbili.

"Bwana Haberman, jioni ile ulitumia filamu ya kasi gani?"

Swali dogo, lakini lilikaa hewani. Haberman alitazama friji, akatazama dirisha. Ostby alimwona akipiga hesabu, na alijua hesabu yenyewe ni ipi. Jibu lililoweza kusimama mahakamani lilikuwa moja tu.

"Mia nne," Haberman akasema, uso ameukunja kama aliyelambishwa shubiri. "Nikaivuta mpaka elfu moja na mia sita."

"Humu naona thelathini na mbili tupu."

"Nilikuwa nayo moja. Mtu alinipa."

"Nani?"

"Sikumbuki. Wanachama wanapeana filamu."

"Ahaa." Ostby akafunga friji kwa adabu. "Basi niletee negativu. Kile kipande chenyewe cha filamu."

"Si picha mnayo?"

"Unawajua wanasheria, bwana. Wanataka mama na mtoto."

"Itabidi niitafute. Nina maelfu."

"Kesho asubuhi, kabla ya mahakama. Bila hiyo kijana anaweza kuponyoka, na sote hatutaki hivyo."

Haberman akaenda kumfungulia mlango. "Hatutaki," akasema.

Dolores alikuwa akingoja garini, injini inanguruma kupambana na baridi. Alipoambiwa, alipiga usukani kwa kiganja. "Umemwachia usiku mzima? Ataichoma!"

"Sina kibali cha kumpekua. Nikimkaba leo atasema imepotea, na Dineen atamwamini. Nikimwachia nafasi, ataleta kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ila amesema elfu moja na mia sita. Sasa lazima alete mchanga." Ostby akavuta kofia yake ya manyoya mpaka kwenye nyusi. "Na wewe, kesho usiseme neno hata moja la kumchoma. Hata moja, Dolores. Kinyongo chako kikionekana, kijana amekwisha."

"Nitauma ulimi."

"Uume kwelikweli."

*

Asubuhi Haberman alifika mwenyewe, koti jeusi, bahasha mbili mkononi. Kapteni Dineen alimkaribisha kwa mikono miwili. Bahasha ya kwanza ilikuwa na negativu. Ostby aliiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuiwekea lenzi. Uchochoro uleule, mguu uleule hewani. Na chembe, lo! Chembe tele, kila mahali, tena kubwakubwa.

"Umeridhika, Sajini wa herufi?" Dineen akauliza, na akamkonyeza Haberman.

Ostby aliishusha lenzi. Kwa dakika nzima alidhani ameshindwa. Alimwona Saarela akipandishwa gari la gereza.

"Nimewaletea na picha mpya," Haberman akasema, akitoa bahasha ya pili. "Ile ya kwanza niliichapa kwa haraka, haina hadhi ya kufika mahakamani. Nirudishieni, mchukue hii."

Picha mpya ilikuwa imejaa mchanga kutoka pembe hadi pembe. Haberman alikuwa amenyoosha mkono, kiganja juu, akingoja kupewa ile ya zamani. Ostby akautazama mkono ule. Mtu amekuja kumsaidia polisi, amekwisha kutoa alichoombwa, kwa nini ana haraka hivi ya kuipata picha ya zamani?

"Picha ya kwanza haina hadhi?" Ostby akauliza. "Mbona ni nzuri kuliko hii?"

"Mambo ya uchapaji. Huwezi kuelewa."

"Basi nieleweshe. Tuna chumba cha giza hapa. Tuichape hii negativu mbele ya Kapteni, dakika chache tu, halafu nakurudishia picha yako ya zamani."

"Sina muda wa—"

"Chapeni, chapeni," Dineen akasema. "Tumalize upuuzi huu."

Chumba cha giza cha polisi kilikuwa stoo ya zamani ya mifagio. Waliingia watu wanne, wakabanana chini ya taa nyekundu, harufu ya siki ikiwapanda puani. Dolores hakusema neno. Alibandika ile picha ya kwanza ukutani, akaweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, akairekebisha mpaka mlango wa pichani ukalingana kwa ukubwa na mlango wa ile ya ukutani, akaangaza karatasi, akaitia kwenye beseni.

Kwanza ilikuwa nyeupe tupu. Kisha ukuta ukaanza kujitokeza, kisha mlango, kisha mtu na mguu wake. Mwisho likaja dumu. Wote waliinama. Dumu likazidi kukolea, likabaki doa la kijivu lenye chembechembe, na ubavuni mwake hapakuwa na kitu.

"Jina liko wapi?" Ostby akauliza.

"Jina gani?" Dineen akasema.

Ostby akaigusa picha ya ukutani kwa kidole. "Hapa nasoma Nyquist, herufi saba. Hii ndiyo negativu iliyoizaa, au siyo, bwana Haberman? Basi mtoto kapata wapi herufi ambazo mama hana?"

Kijiti cha meno kikamwanguka Dineen mdomoni. Haberman alijikohoza. "Dawa yenu imechacha. Na huyu mwanamke hajui kuchapa. Siku zote nimesema."

Dolores akafungua mdomo. Ostby akamkanyaga kiatu. Dolores akaufunga mdomo, akasogea pembeni, akaonyesha mashine kwa mkono kama anayemkaribisha mgeni chakula.

"Chapa mwenyewe," Ostby akasema.

Angeweza kukataa. Wakili yeyote angemwambia akatae. Lakini alikuwa ameambiwa achape, mbele ya mpika mchanga, na Clarence Haberman hakuwa mtu wa kurudi nyuma hapo. Alikunja mikono ya shati. Alirekebisha mashine kwa vidole vyepesi, akakaza lenzi, akahesabu sekunde kwa midomo, akaitia karatasi kwenye beseni na kuitikisa taratibu. Alikuwa fundi kwelikweli, hilo hata Dolores asingelikataa. Uchochoro ulitoka safi zaidi, theluji ikapata uhai. Dumu likaja, na herufi hazikuja.

Haberman aliendelea kutikisa beseni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka picha ikaanza kuwa nyeusi.

"Umeiacha picha yako nzuri kwetu," Ostby akasema polepole, "ukaipiga picha nakala yake uliyobaki nayo, kwa filamu ya mia nne uliyoivuta usiku. Chembe zimekula herufi. Uliliona hilo asubuhi. Ndiyo maana ulitaka urudishiwe ile ya kwanza."

"Mngenirudishia tu," Haberman akanong'ona. "Mlikuwa hamna haja nayo."

"Na negativu ya kweli?"

"Nimeichoma jikoni."

"Ilikuwa ya kasi gani?"

Hapo yule mtu akainua kichwa. Taa nyekundu ilimwangaza tai yake ya kipepeo, na sauti yake ikawa ileile ya klabuni. "Thelathini na mbili. Sijawahi kupiga picha ya maana kwa kitu kingine, maisha yangu yote."

"Thelathini na mbili, mkononi, bila flashi," Ostby akasema. "Mchana."

Haberman alikuwa ameshaelewa alichokisema. Alitazama mlango, lakini Dineen alikuwa amesimama hapo, na safari hii Kapteni hakuwa akicheka.

"Mlango wa Brandvold ulikazwa kwa nje," Dineen akasema. "Nani aliukaza, Clarence?"

Haberman alichukua koleo, akaitoa picha iliyoharibika kwenye dawa, akaitazama kwa kinyaa. "Hii msiionyeshe watu," akasema. "Hii yenye mchanga. Msiitundike."

Dolores aliachia ulimi wake hatimaye. "Itatundikwa mahakamani, mwenyekiti. Tena nitaikuza."

*

Ostby alishuka mwenyewe na ufunguo. Saarela alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha chuma, nywele amezichana kwa maji, shati amefunga mpaka kifungo cha shingoni. Viatu vyake havikuwa na kamba, walikuwa wamemnyang'anya.

"Gari la gereza limefika?" akauliza. Hakuinua macho.

"Hakuna gari la gereza. Tunaye aliyefanya. Unakwenda nyumbani."

Kijana hakusogea. Ostby alidhani hakusikia, akarudia. Ndipo Saarela akajiinamia, akalia kwa sauti kubwa, bila kujificha, mabega yanamtikisika, mpaka askari wa zamu akaja kuchungulia kuna nini. Ostby akamfukuza askari kwa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa na la kusema, tangu ile siku ya kicheko, na hakujua aanzie wapi.

"Niliambiwa ukweli hapa hapa, nikacheka," akasema. "Nisamehe, bwana mdogo."

Saarela akajifuta uso kwa mkono wa shati. Ostby akakaa kando yake kitandani, akaanza kuchomoa kamba za viatu vyake mwenyewe ili ampe kijana afungie vyake, maana nje theluji ilikuwa ya magotini.